Naomba Msimame Tuwaone

Acha niseme lenyewe kwanza, mcheke mapema, halafu mniache nieleze: mimi Otmari, mtu mzima mwenye watoto wanne, nilisimama kwenye posa ya mdogo wangu, mbele ya wakwe, nikawasalimia watu saba kwa majina yao, mmoja mmoja, kwa sauti nzuri inayopanda na kushuka, kisha nikawaomba wasimame tuwaone, na wote saba walikuwa marehemu.

Mmeshacheka? Haya, sikilizeni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu kageuka mfanyabiashara, wanunuzi binafsi wa kahawa wanapanda Mbinga na mizani zao, mitumba imejaa mpaka unamkuta mzee wa kijiji cha Ukata anapalilia mahindi kavaa koti la harusi ya mzungu, na mdogo wangu Gaudensi naye akaacha jembe akawa anashuka ziwani kununua usipa, wale dagaa wa Nyasa, anawapandisha huku kwetu milimani. Huko ndiko alikompata Estha. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo aliyekwenda kutusemea mara ya kwanza alikuwa baba mdogo, na baba mdogo njiani alipitia kwenye pombe, akafika kwa wakwe anaimba.

Baba yake Estha alikuwa mwalimu mstaafu, watu wote walimwita Mwalimu. Alimwambia Gaudensi, "Nawapa nafasi moja tu. Aje mtu mwenye akili zake, asimame, aseme bila karatasi, na aanze kwa kuwasalimia wakubwa wa nyumba hii kwa majina. Asiyetujua majina hatujui, na asiyetujua hachukui mtoto wetu." Na kulikuwa na mwanamume mwingine anasubiri pembeni, tena huyo ana boti ya injini. Yaani sisi tukiharibu tena, Estha ameondoka.

Gaudensi akaja kwangu, macho mekundu. "Kaka, umebaki wewe."

Nikamwambia mdogo wangu, basi usioe. (Nilikuwa natania, lakini si sana.) Kwa sababu mimi kusema mbele ya watu ndiyo ugonjwa wangu. Shule niliacha kidato cha pili, na nikiulizwa husema ni mambo ya nyumbani, lakini ukweli ni kwamba walinipanga kwenye mdahalo, nikasimama, nikafungua mdomo, nikazinduka niko zahanati. Tangu hapo sikurudi. Hata kwenye mkutano wa wakulima niliwahi kunyoosha mkono nichangie hoja, nilipopewa nafasi nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Rafiki yangu Mbunda, muuza mitumba, pamoja na masuruali yake alikuwa na vijitabu vya kujifunza kila kitu, Kiingereza, kufuga kuku, useremala, na kimoja cha kujifunza kuhutubia. Akanipa. Kilikuwa na mazoezi. Zoezi la kwanza, kupumua kwa nguvu kutoka tumboni. La pili, hutubia kioo (kioo chetu ni kile cha kunyolea, niliihutubia pua yangu tu wiki nzima). La tatu, sema huku umebana kijiti kwenye meno, na hapo mke wangu akaanza kunipikia uji, akidhani naumwa jino. Lakini la nne ndilo lililonimaliza. Lilisema: tafuta mahali pa utulivu, waone wasikilizaji mbele yako, mtazame kila mmoja, mwite kwa jina lake, na urudie kila siku mpaka ulimi uzoee wenyewe.

Nikashuka ziwani wiki moja kabla, nikafikia kwenye chumba cha Gaudensi karibu na kanisa lao la Anglikana. Gaudensi akaniandikia majina ya wakubwa wa nyumba, watu sita, lakini sura zao sizijui, nitawaonaje mbele yangu? Na utulivu kijijini pale hakuna, ukisimama dakika mbili peke yako unasema, watoto wamejaa. Nikazungukazunguka, nikaona nyuma ya kanisa kuna makaburi, na kwenye kona moja pamefagiliwa vizuri, misalaba saba kwa mstari imelitazama ziwa, kama wazee waliokaa benchi wanasubiri mkutano uanze. Kila msalaba na jina lake. Nikasema, wasikilizaji ndio hawa, wametulia, hawachoki, hawacheki. Nifanye mazoezi kwa majina yao, siku yenyewe nitabadilisha majina tu, kazi ndogo.

Kazi ndogo! Ndiyo maana nasema shule ni muhimu.

Nikawa naenda alfajiri. Jamani, ziwa lile alfajiri si kitu cha kutazama ukiwa peke yako. Ukungu umelala juu ya maji, maji hayatikisiki, hakuna jogoo wala mbwa, na nikisema, sauti yangu inakwenda huko majini halafu inarudi imechelewa kidogo, kama kuna mtu ameisikia, ameifikiria, ndipo anairudisha. "Mzee Yohana, nakusalimu." Kimya. Kisha huko mbali: nakusalimu. Siku ya kwanza nilikimbia. Ya pili nilibaki mpaka jina la nne. Siku ya tatu nilimaliza majina yote saba, nikapanua mikono kama kijitabu kinavyoagiza, nikasema, "Ninyi nyote niliowataja, naomba msimame tuwaone," na miguu yangu haikutetemeka. Nililia kwa furaha, kweli. Mtu mzima nimesimama makaburini nalia kwa furaha.

Siku hiyohiyo mchana nikaenda kwenye vichanja vya usipa kumsaidia Gaudensi, na mama mmoja anayeanika akaniuliza, "Baba wa milimani, si unalala karibu na kanisa? Hujaisikia?"

"Nimesikia nini, mama?"

"Sauti. Siku ya tatu leo. Iko makaburini, ya kiume. Inaongea, inalia, halafu inapumua kwa nguvu kama ng'ombe."

Mwenzake akadakia, "Mume wangu ameacha kwenda kutoa nyavu mpaka jua litoke."

Nywele zilinisimama. Nawaapia, haikunijia akilini hata kidogo. Nilichowaza ni kwamba mimi ninakwenda pale kila alfajiri na sijawahi kuisikia, kumbe Mungu ananilinda! Nikaamua kuongeza ulinzi. Nikavaa rozari, na nikaanza kwenda mapema zaidi, ili nimalize mazoezi kabla hiyo sauti haijafika.

Alfajiri ya mwisho, siku moja kabla ya posa, ukungu ulikuwa mzito, msalaba wa saba nausoma kwa kupapasa. Nikamwita, "Danieli, nakusalimu." Safari hii sauti haikurudi. Nikasubiri. Nikasikia maji yanamwagika, halafu miguu, miguu mitupu inakimbia kwenye mchanga uliolowa, inatoka ziwani inakuja juu, inakuja kwangu mimi, na inahema. Sikusubiri nione ya nani. Kiatu kimoja nilikiacha palepale.

Sikumwambia mtu. Ningemwambiaje Gaudensi usiku wa kuamkia posa yake?

Haya, posa. Mchana, uwanjani kwa Mwalimu, wakubwa wamekaa viti vya mbele, wanawake benchi la nyuma, sisi watu wa milimani upande wetu tumebanana kama gunia la mbegu. Nikaona ziwani moshi. Moshi mweusi, mrefu, umesimama juu ya maji bila moto wowote chini yake, na unatembea. Nikamgusa Gaudensi. Akaninong'oneza, "Ni wadudu tu kaka, wale wadogo wanaotoka majini." Wenyeji wenyewe hawakushtuka, wanawake walifunika chakula kwa kanga basi. Wingu likatufikia wakati ule ule Mwalimu aliposema, "Wageni, msemaji wenu asimame."

Nikasimama. Mwanga ukawa wa kahawia kama jioni. Wadudu machoni, wadudu puani, nimefungua mdomo nao wameingia. Nikafumba macho. Nikayatafuta yale majina sita ya Gaudensi kichwani. Hayapo. Hakuna hata moja. Nikapumua kutoka tumboni, na ulimi (ulishazoea, si kijitabu kilisema?) ukaondoka wenyewe.

"Mzee Yohana, nakusalimu. Mama Elizabeti, nakusalimu. Mzee Stefano, nakusalimu. Mama Miriamu. Petro. Lidia. Danieli, nakusalimu."

Kimya. Na mimi mjinga kile kimya kikanipa nguvu, nikadhani nimewagusa. Sikutetemeka! Nikapanua mikono. "Ninyi nyote niliowataja, naomba msimame tuwaone."

Nikafumbua macho.

Hakuna aliyekuwa anatikisika. Wadudu walikuwa wamewatua usoni, kwenye kope, na hakuna anayejifuta. Mwalimu kashika mikono ya kiti. Kisha benchi la nyuma likalia, na mtu mmoja akasimama. Alikuwa bibi mzee sana, mama yake Mwalimu, na alinitazama kama vile uwanjani tuko wawili tu.

"Danieli umemuona wapi?"

Nikageuka nione anamuuliza nani.

"Mwanangu. Nakuuliza, baba, umemuona wapi?"

Hapo mwanamke mmoja akapiga kelele, "Ni yeye! Ndiyo sauti ile! Ni huyu!" na benchi zima likaondoka, mmoja kakumba sufuria ya wali, watoto wanalia, mjomba wetu tuliyekuja naye keshafika barabarani. Gaudensi kainamisha kichwa kwenye magoti. Estha nikamwona mlangoni, kaziba mdomo, na nikajua anaona ile boti ya injini inakuja kumchukua.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. (Ndilo neno pekee lililotoka.)

"Marahaba. Nijibu."

Ikabidi nijibu mbele ya wote. Nikatoa kijitabu mfukoni, nikampa Mwalimu, nikaeleza kila kitu, kioo, kijiti, makaburi, mpaka rozari. Mwalimu akalisoma zoezi la nne kwa sauti, polepole, kama anasahihisha mtihani wa mtoto aliyeshindikana. Ndipo nikaelezwa na mimi: ile kona ilifagiliwa kwa sababu ni ya ukoo wao, nao ndio wanaoifagia. Danieli alikuwa mdogo wake Mwalimu. Alizama na mtumbwi, mwili haukuonekana, na chini ya msalaba wake hakuna kitu. Jina lake lilikuwa halitajwi nyumbani ili mama asiugue.

"Jana alfajiri nilikuwa nachota maji," Bibi akasema, "nikasikia mwanamume anamwita mwanangu. Nikatupa ndoo nikakimbia mpaka msalabani. Nikakuta kiatu."

Akanitazama miguuni. "Kwa hiyo hukumuona."

"Sikumuona, Bibi. Nisamehe."

Akakaa. Jamani, aibu nyingine zote nimezizoea, lakini namna alivyokaa yule mama, mpaka leo nikila nikaikumbuka naweka tonge chini.

Mwalimu akaanza kusema kwamba posa imekwisha, twende salama. Bibi akamkatiza, tena bila kupandisha sauti. "Miaka yote mmenikataza kumtaja. Amemtaja mgeni. Posa haijakwisha. Lakini huyu amewaambia watu wangu wasimame, na mpaka sasa wamesimama. Kesho aende akawaambie wakae. Ndipo tuzungumze habari ya mtoto."

Kesho yake nikaenda, kijiji kizima nyuma yangu, sijawahi kufuatwa na watu wengi kiasi kile hata kwa wema. Nikasimama mbele ya misalaba saba. Na hapo ndipo nilipojua kijitabu hakikuwa cha uongo, kwa sababu pale, na pale tu, sikuogopa hata kidogo. Nikawaita kwa majina, nikawaomba radhi, nikawaeleza kuwa mimi ni mtu wa milimani sikujua, nikamsemea na Gaudensi kwamba ni kijana mzuri hanywi kama baba mdogo. Kisha nikasema, "Sasa naomba mkae."

Nyuma yangu nikasikia mchakacho. Nikageuka. Kijiji kizima kimekaa chini, wazee, wanawake, Mwalimu na suruali yake ya kanisani, wote wamekaa kwenye nyasi zenye umande, kimya, wanaliangalia ziwa. Nimebaki nimesimama mimi peke yangu, na Bibi.

Bibi akaniambia, "Umesema vizuri, baba." Gaudensi akampata Estha, wakafunga ndoa, na mimi kwenye harusi nilikaa jikoni kwa hiari yangu. Tangu hapo nimeapa: sitamwita mtu kwa jina kabla sijamwona anapumua, na kama nitafanya mazoezi tena, nitayafanyia kwenye kahawa zangu shambani, nazo sizipi majina.

Niliporudi Mbinga nikaenda moja kwa moja kwa Mbunda kumrudishia kijitabu chake, nikamsimulia yote, nikitegemea atacheka mpaka aanguke kwenye mitumba yake. Hakucheka. Aliendelea kukunja suruali moja, akaikunja, akaikunjua.

"Kwa hiyo siku ile uliwaita wote saba," akasema.

"Wote."

"Ukawaambia wasimame. Halafu ukaenda makaburini ukawaambia wakae."

"Ndiyo, kwani vipi?"

"Lakini Otmari, yule wa ziwani si hayupo pale makaburini? Yeye nani amemwambia akae?"