Ndege wa Maore, Ndege wa Mhezi

Juzi pale Hedaru niliona ndege wadogo wa tumbo la njano, macho yamezungukwa na weupe kama miwani, nikamkumbuka bibi.

Mama alipofariki, nilitolewa Maore kwenye tambarare nikapelekwa kwa bibi, Mhezi mlimani, kwenye baridi na harufu ya tangawizi mbichi. Nilikataa kula. Alasiri moja ndege wa miwani kama wale wa njano wa kwetu Maore alitua uani, ila tumbo lake lilikuwa la kijivu.

"Bibi, amenifuata kutoka nyumbani! Mbona amepauka?"

"Safari imemchosha, mjukuu wangu. Na yeye hajala."

Alikata ndizi mbivu, nusu akamwekea ndege, nusu akanipa. Tukala wote.

Sasa najua ni ndege wa aina mbili, na yule wa kijivu haishi kwingine ila mlimani. Bibi alikuwa akimwona uani pake kila siku.