Mvua Imemaliza Dawa, Mwizi Naitwa Mimi

Leo meneja wa klabu ya wazungu hapa Ruiru ameniita mimi, mtunza bwawa lao, mwizi mbele ya wapishi wote.

Mvua imenyesha siku mbili, na bwawa la kuogelea limekuwa kijani kama supu ya mboga za managu.

"Mzee, umeuza dawa ya kusafisha maji."
"Dawa niliweka, Bwana. Mvua ndiyo imeimaliza."

Akacheka. Akasema nifunge virago.

Sikufunga. Nilileta ndoo yangu yenye kifuniko, ndani yake maji ya bwawa niliyochota kabla ya mvua. Nikatia matone ya kupimia dawa, maji yakawa manjano: dawa ipo. Ya bwawani ya leo hayakugeuka hata kidogo.

Meneja akauliza, "Na ulichota ya nini?"
"Ya kuosha miguu, Bwana."

Basi mimi ni mwizi wa maji, si wa dawa. Kesho niko kazini, miguu safi. Nani ananipinga?