Albamu ya Mpiga Dramu

Leo nimetafuta pa kuuficha uso wangu, nikapakosa.

Tumetoka kuswali Ijumaa, tukaketi kwa muuza kahawa hapa Ukunda. Rafiki yangu Bakari akaniuliza: ile bendi ya roki ya Diani imevunjika, kila mmoja ametoa albamu yake, ipi kali?

Nami na mdomo wangu!

"Ya mpiga gita. Ya mpiga dramu ni usingizi mtupu."

Jamaa wa kanzu kando yangu akanimiminia kahawa. "Karibu, kaka. Wimbo upi uliokulaza?"

Wallahi, ndiye mpiga dramu mwenyewe! Jukwaani nimezoea kumuona na rasta zake. Leo zilikuwa ndani ya kofia.

Nikakiinamia kikombe.

Kahawa yake nimeinywa yote. Albamu yake niliishia wimbo wa kwanza.