Akaunti Yenye Jina la Dorothée

Ukitaka ugomvi na Dorothée Wilondja, mwambie kwamba wimbo fulani hauna mwenyewe. Nimeimba alto pembeni yake tangu tungali wasichana, na mpaka leo sithubutu.

Hapa Baraka wengi wanamwita Mama Nadège, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Wanamjua kwa unga wake wa muhogo pale sokoni na kwa mumewe Wilfried, mvuvi mwenye maneno machache, labda kwa sababu mke wake anayamaliza yote. Wasichojua ni kwamba karibu kila wimbo wa kwaya yetu umetoka kinywani mwa mama huyu. Anatunga akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mchi ndio ngoma yake. Noti hazijui wala hazitaki. Wimbo ukimjia anaacha mchi, anaweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume, anaimba soprano hadi mwisho. Anarudia alto, anarudia tenor, anamalizia basse, kidevu kimegusa kifua. Anayepita nje anadhani kuna wageni.

Kilichokuwa kikimuuma ni kimoja tu: nyimbo zilitoka nyumbani kwake bila jina lake. Mwaka juzi tulikwenda harusini Kilembwe, na kabla ya chakula wageni wakaanza kuimba wimbo alioutunga yeye siku Nadège alipobatizwa. Dorothée akatabasamu, akamwinamia mama aliyekaa karibu yake, akamwambia wimbo ule ni wake. Yule mama alicheka mpaka akajifuta machozi.

"Mama, hii ni wimbo ya bazee ba zamani. Hata mama yangu aliimbaka hii."

Uongo mtupu, wimbo haukuwa na miaka ishirini. Dorothée hakugusa hata nyama. Njia nzima ya kurudi alikuwa amenuna, na tulipofika akanigeukia kana kwamba ni mimi niliyemkosea.

"Niko muzima, niko natembea na miguu yangu, na bo banasema nyimbo yangu ni ya bale bamekufa!"

Basi simu yake ilipojaa, ikakataa kurekodi hata aya moja zaidi, alimpigia Nadège, anayesomea uuguzi kule Uvira. Nadège akamwambia afungue akaunti ya bure ya mtandaoni, compte kama tunavyosema huku. Atapata barua pepe, na atapata mahali pa kuweka nyimbo zote, hata simu ikitumbukia ziwani zenyewe zitabaki. Dorothée akaja kwangu mbio, simu mkononi, unga bado umemganda viwikoni.

Tulikwenda kukaa nyuma ya kanisa, mahali ambapo mtandao unashika vizuri. Nikabonyeza hapa na pale, na kitu cha kwanza tulichoulizwa kilikuwa jina la mtu na jina la ukoo. Dorothée akasogea karibu.

"Inauliza jina yangu?"

"Ya kwako, eh. Ya nani ingine?"

"Haiulize jina ya kwaya?"

"Hapana, Mama Nadège. Inataka mwenye compte."

Alininyang'anya simu. Aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye ile é akataka na kialama chake cha juu. Nikamwambia haina haja, watu wataelewa. Alinitolea macho. Tulitafuta kile kialama mpaka tukakipata. Kisha tukachagua anwani ya barua pepe, jina lake lote bila nafasi katikati, na mashine ikakubali mara moja bila kusema kwamba mwingine ameshaichukua.

"Unaona?" akasema. "Dunia muzima, Dorothée Wilondja ni mumoja tu."

Namba za uthibitisho zikaingia kwa ujumbe, tukaziandika, na akaunti ikafunguka. Juu kabisa palikuwa na jina lake. Alilitazama kwa furaha mpaka nikamkumbusha kwamba mega za mtandao nilizomgawia zinakwenda. Siku zile zilizofuata tulipandisha nyimbo zote, polepole, na wa mwisho ulikuwa mpya kabisa, ule alioutunga kwa ajili ya tamasha la kwaya.

Kumbe habari ilikuwa imemfikia Raphaël, président wa kwaya yetu. Raphaël ni mtu mwema, lakini ana ugonjwa wa mikutano. Baada ya mazoezi akatuambia tusitoke.

"Mama, nyimbo ni ya kwaya," alianza. "Ngoma ni ya kwaya, gitaa ni ya kwaya. Sasa ku internet iko jina ya muntu mumoja. Si ingekuwa jina ya comité?"

"Président," Dorothée akajibu bila hata kusimama, "compte iliuliza jina ya mwenyewe. Nani anatungaka? Ni comité njo inatungaka?"

Hapo mimi nikaingilia. Miaka yote hiyo kwaya inaitwa mbele, Raphaël anatangaza "wimbo wetu", na hakuna aliyewahi kuuliza umetoka wapi. Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Mwishowe wazee wa kwaya wakatupatanisha: jina libaki la Dorothée, lakini neno la siri, ile mot de passe, liwe la wote. Dorothée akakubali. Mradi jina lake lilikuwa pale juu, hakuona shida.

Sasa, kwetu kitu kikishakuwa cha wote, kina mahali pake pa kusemwa, nacho ni wakati wa matangazo kanisani. Jumapili ile, baada ya habari za wagonjwa na mbuzi aliyepotea, Raphaël alisimama na kutangaza anwani ya akaunti pamoja na lile neno la siri mbele ya kanisa zima, herufi kwa herufi, akamalizia na namba zake. "Kila mwimbaji aingie, achukue sauti yake," akasema. Mzee mmoja nyuma akaomba arudie. Akarudia. Watoto walikwenda nyumbani wakiliimba njiani.

Nadège aliposikia alipiga kelele kwenye simu mpaka mimi niliyekuwa jikoni kwa mama yake nikamsikia.

"Mama! Mot de passe ni siri! Munaisema mbele ya kanisa muzima?"

"Kanisa ni bantu betu," akajibu Dorothée.

Toka siku hiyo, kila mtu alipoingia kwenye akaunti, simu ya Dorothée ililia ikimuuliza kama ni yeye. Alikuwa akibonyeza ndiyo bila kuacha kupima unga. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alijisifu kwa wateja kwamba hata mashine haiwezi kumfungulia mtu mlango bila ruhusa yake.

Tamasha likafika, hapa hapa Baraka. Kwaya ya Bibokoboko iliteremka kutoka milimani, ya Ubwari ikaja kwa mtumbwi wa injini, kanisa likajaa mpaka madirishani. Sisi tulikuwa tumeshona sare mpya na kuufanyia wimbo mpya mazoezi hadi tukawa tunauimba usingizini. Waliitwa Ubwari kwanza. Wakajipanga, mwalimu wao akainua mkono, wakafungua vinywa.

Ulikuwa wimbo wetu. Aya ya kwanza, kiitikio, kila kitu.

Raphaël aliinuka nusu, akakaa, akainuka tena. Mimi nilishikwa na hasira, mkono ukaenda kwenye kiatu nikivue nikirushe. Lakini Dorothée alinikamata kifundo cha mkono. Nilimtazama, nikaogopa, maana sikuwahi kumwona akiwa na uso ule, hata siku ya Kilembwe.

"Imeenda tena," akasema taratibu. "Kesho batasema ni ya bazee ba Ubwari."

Halafu wanaume wao wakaingia na basse, na kanisa zima likashtuka. Hapa lazima nieleze. Dorothée anapoimba basse, hata akikandamiza kidevu namna gani, ni sauti ya mwanamke tu. Sisi hatusumbuki, kwa sababu kwenye mazoezi anawagonga wanaume wetu tumboni mpaka wanaishusha inapotakiwa. Ubwari hawakuwa na wa kuwagonga. Walikuwa na rekodi peke yake, nao wakaifuata kwa uaminifu wote: wanaume wenye vifua vya kuvuta nyavu, mishipa imewasimama shingoni, wakiimba juu kule kule anakoimba mama jikoni kwake. Hawakukosea hata noti moja. Mmoja alikuwa anatokwa na machozi kwa kujikaza.

Walipomaliza, pasta aliyekuwa akiongoza tamasha alimsogelea mwalimu wao, mtu mrefu mwenye koti la kijivu aitwaye Isidore.

"Wimbo muzuri sana," akasema. "Ni ya kwenu?"

Nilijua jibu. Sote tulilijua, kwa maana ndivyo inavyojibiwa siku zote. Vidole vya Dorothée vilikuwa bado vimenibana.

"Hapana, Pasta," Isidore akasema. "Ile Jumapili ya matangazo nilikuwa hapa, mugeni. Balisema kila mwimbaji aingie. Mi ni mwimbaji, nikaingia."

Watu walicheka. Raphaël akainama kutengeneza kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Lakini wimbo iko na mwenyewe," Isidore akaendelea, sasa kwa sauti ya kufika nyuma. "Tukifungua, pale juu kabisa iko jina. Dorothée Wilondja. Sisi hatumujue. Hatujue kama ni wa hapa ao wa mbali. Tunaomba, kama iko hapa, asimame tumuone, maana hii basse yake imetushinda, bababa banakauka makoo."

Watu wa Baraka walianza kuangaliana, wakiulizana ni nani huyo Dorothée Wilondja, kwa sababu wao wanamjua Mama Nadège wa unga. Mimi machozi yalikuwa yameshanitoka na sikujali.

Dorothée aliachia mkono wangu. Alisimama, akakaza kitenge chake kiunoni, akapita mbele yetu sote bila haraka yoyote, mpaka akafika walipokuwa wanaume wa Ubwari.

"Dorothée Wilondja njo mimi," akasema, kwa ile soprano yake inayofika mpaka barabarani. "Bababa ba basse, mukuje karibu."