Pampu Yahamia Nyuma

Fundi Mkali alilifungia gari lake la tangu ujana pampu ya petroli ya umeme. Akaiweka mbele, ubavuni mwa injini, palepale ilipokaa ile ya zamani. Ikanguruma tu, petroli haikufika hata tone. Akaitukana pampu, akamtukana na aliyeiuza.

"Baba, hii inajua kusukuma, kuvuta haijui," alisema binti yake, fundi mwenzake. "Tuihamishie nyuma, karibu na tangi."

"Unanifundisha kazi?"

Binti alichukua spana. Aliingia uvunguni mwa gari, akaihamisha, akawasha. Injini ikaitika papo hapo.

Jirani akachungulia. "Fundi, umeliweza!"

"Mimi? Kaliweza mwanangu!" alifoka, kifua mbele. Kisha yeye, asiyewahi kumwachia mtu usukani wa gari hilo, akafungua mlango wa abiria, akakaa.