Historia ya Marehemu Jenerali Anselmo

Wakenya wote wa ughaibuni, huko Erdington, uwapange mstari, humpati wa kumwandikia maiti kama Onyango. Shule aliikimbia darasa la nane, lakini historia ya marehemu akiiandika yeye, wachungaji huomba nakala. Umpe mlevi sugu, kwenye karatasi atatoka mzee wa kanisa.

Mwaka 2004 alikuwa ameajiriwa na shirika la kutunza wazee, akimhudumia Bi Rosalie, ajuza wa Edgbaston. Alimwogesha, akampikia, akamsifia mpaka nywele zilizokwisha kuanguka. Siku moja ajuza akamsukumia boksi la barua zilizotafsiriwa.

"Nasikia unaandika maisha ya wafu. Babu wa babu yangu alikuwa jenerali, akawa rais huko Amerika ya Kusini. Barua zake hizo; Jumapili jamaa zangu wanakuja, uwasomee historia yake. Ukiniaibisha, shirika lako litaniletea mwingine."

Onyango akalibeba boksi kwa maringo. Alipofika barua ya tano, akaiweka chini. Jenerali Anselmo alimpindua rais aliyemlea na kumsomesha. Kisha akawapiga risasi wafungwa sitini na mmoja waliokwisha kuinua mikono. Akamwandikia mkewe jinsi walivyonuka, na mstari uleule akaagiza soksi za sufu. Soksi! Onyango akaenda kunawa mikono, akarudi, akaenda kunawa tena.

Brigid mkewe akamcheka. "Baba Ronny, wewe uliyemfanya Odera mtakatifu, leo umeshindwa na jenerali?"

"Odera alikunywa pombe, Mama Ronny. Huyu alikunywa watu. Uchafu mtupu!"

"Na zamu zikikatwa, utatulisha hizo barua?"

Jumapili jamaa wakakaa, mvinyo mkononi. Onyango akaanza kwa utaratibu wa kwao: kuzaliwa, shule, ndoa, vyeo. Wakaitikia kwa vichwa, wakifurahi. Akafika pale ambapo kila Mkenya msibani hutega sikio:

"Marehemu ameacha mjane, watoto saba, na wafungwa sitini na mmoja kwenye shimo la chokaa. Majina yao hakuyauliza."

Mtu mmoja akapaliwa na mvinyo.

"Umeyatoa wapi hayo?" Bi Rosalie akafoka.

"Kwenye boksi lako, mama. Maneno ni yake."

"Toka!"

Jumatatu shirika likamhamishia Lozells, zamu tatu badala ya sita, kwa mzee anayetema makohozi ukutani. Brigid alinuna wiki mbili. Onyango aliyasugua makohozi yale kila asubuhi, kisha akanywa chai yake na mkate palepale, bila kichefuchefu chochote.