Nilimwandika Marehemu Angali Hai

Kosa ni langu. Naanza hapo kabisa, maana nimezunguka nalo muda mrefu nikitafuta wa kugawana naye, na simwoni.

Nafanya kazi kwenye shirika moja la kanisa hapa Masasi. Jina la shirika silitaji, la kwangu ndiyo kabisa. Kazi yangu ilikuwa tovuti. Naiandikia, naipanga, naweka picha. Ofisini waliniita mtu wa mtandao, na mimi nikajisikia kweli!

Nikueleze kidogo ili unielewe. Kwenye tovuti ya shirika huwezi kutupia vitu hovyo. Kila kitu kina aina yake: habari, tangazo, tukio, mtumishi, mstaafu. Kila aina ni kama fomu yenye nafasi zake za kujaza. Tangazo lina siku ya kuisha. Tukio lina mahali na saa. Mstaafu ana picha, vituo alivyofanyia kazi, na chini kabisa namba ya simu. Ukihamisha ukurasa kutoka aina moja kwenda nyingine, unavuliwa fomu ya zamani na kuvikwa mpya, pamoja na maneno ya ile mpya. Nilifundishwa haya. Nisijifanye sikujua.

Kati ya wastaafu wetu alikuwepo mzee mmoja wa Lulindi, aliyefiwa na mkewe, mwalimu wa shule tangu ujana wake. Sote tulimwita Baba Edmundi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Edmundi mwenyewe hakuwepo. Miaka kumi na moja nyuma alitaka kuoa binti wa Kiislamu wa Newala, mzee akakataa, wakatoleana maneno mazito. Kijana akavuka Ruvuma na mchumba wake, wakaingia Msumbiji. Hakuandika, hakupiga simu. Kwa hiyo kila aliyemsalimia mzee alikuwa anamtajia mtoto aliyempoteza, na yeye anaitika.

Siku nilipokwenda kumpiga picha ya tovuti, nilimwekea kiti akakikataa.

"Nipige nimesimama, binti yangu," akasema. "Huko aliko akifungua, aone baba yake bado anasimama. Na namba ya simu iandike ionekane vizuri."

"Ataiona tu, Baba Edmundi. Mtandao unafika kote."

Nilisema kwa kumfurahisha. Yeye aliichukua kama ahadi. Simu yake ilikuwa kitochi cha kupiga na kupokea tu, mtandao hakuujua, akanitegemea mimi. Kila Jumanne ya kliniki ya presha alipokuja mjini alipitia ofisini. Nampa shikamoo, ananiitikia marahaba, anaweka mezani kifuko cha ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, halafu anauliza swali lake moja.

"Kuna aliyeandika?"

"Bado, Baba Edmundi."

"Haya. Siku ipo."

Sasa sikia nilichofanya. Mkuu wangu alisema aina zimekuwa nyingi mno, tuzipunguze. Akanipa maagizo mazuri tu: kaa na kila idara, waulize wanaandika nini, andika maana ya kila aina, na kila aina iwe na mtu wa kuisimamia. Ukimaliza hayo ndipo uunganishe. Alinipa wiki mbili. Mimi nikaifanya kazi yote mchana mmoja!

Ilikuwa Ijumaa, na nilikuwa na harusi ya binamu yangu Kitangari. Gari la Newala linaondoka saa tisa, kitenge cha sare kiko kwenye mkoba. Nikaona vikao vya nini, mambo yenyewe nayajua.

Nikaifuta aina ya mstaafu, kwa kuwa ilikuwa na watu tisa tu. Mfumo ukaniuliza kurasa zao zihamie wapi. Nikapitisha macho kwenye orodha, nikaona Kumbukumbu. Hiyo hapo! Wastaafu si ndio kumbukumbu ya utumishi wetu? Nikabonyeza, nikakimbilia gari.

Kumbe mwenzangu aliyekuwa na kazi hii kabla yangu aliitengeneza Kumbukumbu kwa ajili ya waliofariki. Maelezo aliyaacha kwenye faili, na faili lile sikuwahi kulifungua. Fomu yake inaweka yenyewe neno Marehemu mbele ya jina. Inaweka msalaba chini ya picha. Nafasi ya namba ya simu haina, maana nani anampigia marehemu?

Wazee tisa, wote wazima, nikawazika kwa kidole kimoja. Nikaenda kucheza harusini.

Hakuna aliyesema kitu. Huku kwetu habari zinapita WhatsApp, tovuti wanaifungua walio mbali. Wiki saba zikapita. Niligundua mwenyewe nilipokuwa natafuta picha ya kutumia kwenye ripoti. Nikamwona Baba Edmundi amesimama wima, anatabasamu, na juu yake limeandikwa Marehemu.

Nikairudisha aina ya mstaafu, nikawarudisha wote tisa, nikajaza namba zao upya kutoka kwenye daftari. Kazi ya saa moja! Hapo nilipaswa kumwendea mkuu, tuweke tangazo la kuomba radhi mahali kila mtu aone. Lakini mkataba wangu ulikuwa karibu kuongezwa, na mimi ni mwoga. Nikajiambia hakuna aliyeona. Nikanyamaza.

Baba Edmundi akaendelea kuja na ming'oko yake, akauliza, nikamjibu bado.

Miezi mitano baadaye akafariki kweli. Alianguka asubuhi akijiandaa kwenda kanisani. Tulimzika Lulindi. Wakati wa kuweka mashada padri akaita mtoto wa kwanza wa marehemu. Watu wakatazamana. Akaita wa pili.

Wiki ile mkuu akaniambia nihamishie ukurasa wake Kumbukumbu. Safari hii ilikuwa halali. Nilipoufungua, pembeni, ambako siku ile ya kuwarudisha kwa haraka sikutazama, nikaona kuna salamu moja inasubiri kukubaliwa.

Salamu nayo ilikuwa aina, tena niliitengeneza mimi, ili wasomaji waweze kumwandikia mtu kwenye ukurasa wake. Niliiwekea sharti kwamba zisionekane mpaka zikaguliwe. Mkaguzi sikumweka. Haikuwa na mwenyewe. Siku zote mzee aliponiuliza kama kuna aliyeandika, nilimjibu kutoka kichwani. Sikuwahi kwenda kutazama!

Nikaifungua.

"Mimi ni Edmundi. Ukurasa huu huwa naufungua ili nimwone baba, nikiishia kumwangalia tu. Leo nilijipa moyo nije kuchukua namba yake, nimwambie nakuja na mke wangu na wajukuu wake watatu kumwomba radhi. Nimekuta ametangulia. Sasa radhi nimwombe nani? Asanteni sana kwa kumtunzia picha nzuri."

Akaacha namba yake ya Msumbiji.

Alinishukuru! Mtu niliyemuulia baba yake angali hai, akanishukuru.

Nilikaa na namba ile siku kumi na tisa. Nilikuwa naiangalia, naiweka. Nilipopiga, nilimweleza yote bila kupunguza: harusi, Kumbukumbu, zile wiki saba, kifo cha kweli. Nilisikia watoto wakicheka nyuma yake.

"Dada," akasema, "ina maana siku ile namlilia, baba alikuwa mzima?"

"Alikuwa mzima, kaka."

"Alikuwa anafanya nini siku hiyo?"

Ndugu yangu unayenisoma, nilijua. Nilikuwa nimeshaangalia. Ujumbe wake uliingia Jumanne, saa tano kasoro dakika chache. Daftari la wageni la ofisi yetu linaonyesha baba yake aliingia saa nne na nusu. Alikuwa amekaa mbele ya meza yangu, kofia iko magotini, ananiuliza kama kuna aliyeandika. Na maneno ya mwanawe yakaingia kwenye kompyuta ile ile iliyokuwa katikati yetu.

Nikamwambia, "Sijui."

"Haya," akasema. "Ukikumbuka nipigie."

Hilo ndilo limenileta hapa. Mengine nimeshayakiri. Mkuu anajua, barua ya onyo ninayo, tovuti kapewa mtu mwingine, mimi napokea wageni. Lakini hili la mwisho hakuna anayelijua isipokuwa wewe. Nikiona neno kumbukumbu, hata kwenye daftari la vikao, nalifunga daftari. Mtu akibisha hodi Jumanne, nalisikia swali kabla hajafungua mdomo. Edmundi hajaja mpaka leo, na mimi sijampigia. Nikimwambia ukweli, nitakuwa namtua mzigo wake au nitakuwa natua wangu? Naogopa, jamani! Naogopa sana.

Ninyi mnaoshika tovuti za mashirika, za shule, za vyama, niangalieni mimi. Msihamishe watu hamjasoma maana ya mnakowapeleka. Iandikeni maana hiyo, hata neno mnaloliona linajulikana, kwani kumbukumbu kwangu lilikuwa jambo moja na kwa mwenzangu jambo jingine. Kila aina iwe na mtu anayeifungua na kuiangalia, si kwa jina tu. Ukimaliza kubadilisha, fungua ukurasa wa mtu mmoja, usome kilichoandikwa mbele ya jina lake.

Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Sema wakati uliyemkosea bado anakuja ofisini kwako na anaweza kukusikia.